Nyuma ya Vibao

Kisanduku chake kilikuwa cha mbao nyepesi, upana wake kama kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa, na alikiweka mapajani. Ukikifungua, kifuniko kilisimama na kushika kibao kimoja cha kuchorea, kisichozidi kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Chini palikuwa na ubao wa kuchanganyia rangi, na pembeni mifereji minne ya kuchomeka vibao vibichi ili visigusane, kwa sababu rangi ya mafuta hukaa siku nyingi bila kukauka. Naanza na kisanduku kwa kuwa ndicho ninachokijua kwa hakika. Kuhusu mwenye kisanduku, niliyoyaona nitayaita niliyoyaona, ya kusikia nitayaita ya kusikia, na dhana nitaiita dhana. Niliwahi kuvichanganya vitatu hivyo mbele ya watu, na mtu mzima akapoteza jina lake kwa ajili hiyo.

Tulimwita Mchoraji. Sikuwahi kuona barua yenye jina lake, na mlangoni kwake, siku nilipofika hatimaye, palikuwa na jina la mpangaji aliyehama kabla yake.

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia. Hapa Stockholm majengo mengi ya kupanga yana chumba kimoja cha kufulia cha wakazi wote, chini kabisa ya jengo, na mashine zikigoma huitwa mtu kama mimi. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maelekezo na kamusi ya Kiswidi, ukurasa kwa ukurasa, na kwa daftari. Kila mashine niliyoigusa imo humo, kwa Kiswidi: namba, saa, dalili, nilichobadilisha. Kwa miaka sita majengo yangu mengi yalikuwa mtaa wa Kungsholmen, katikati ya jiji, na chakula cha mchana nilikula kwenye bustani ya kilimani huko huko, huku nikiandika ya asubuhi kabla sijayasahau. Ndipo nilipomkuta, benchi la tatu kutoka kwenye uwanja wa watoto.

Alichora kila kitu ambacho watu wengine hukipita. Wastaafu wakirusha mipira yao ya chuma kwenye changarawe na kubishana ni upi uko karibu. Mbwa wawili waliofungana kamba. Watu wa ofisini mwezi wa tatu, jua la kwanza linapotoka, wameegemea ukuta, macho wamefumba, nyuso wamezinyoosha juu kama wanaosubiri kunyolewa. Wanawake wanaolea watoto wa wenyewe, mmoja anasukuma kigari kwa mguu huku mikono yote miwili ikiwa kwenye simu. Alichora hata baridi kali ikiwa imeuma, amevaa glavu alizozikata ncha za vidole na kuweka magazeti ndani ya viatu. Nilimuuliza kwa nini hatumii rangi ya maji, ambayo ni nyepesi kubeba.

"Maji yanaganda," alinijibu. "Mafuta yanavumilia."

Alikuwa mtu wa majibu ya namna hiyo, mafupi, yaliyokuacha ukishika mlango uliokwisha kufungwa. Ukimwalika harusi, kipaimara, maulidi, arobaini ya mtu, jibu lilikuwa moja: "Nitaangalia hewa." Kisha alikuja, hata mvua ikinyesha, akala kidogo, akaondoka bila kuaga. Aliwaonya watu wote kuhusu sukari, naye alitia vijiko vitano. Alisema hapendi umbeya, lakini mtu akiugua mtaani kwetu Rinkeby yeye alikuwa wa kwanza kufika na machungwa. Maganda ya machungwa aliyokula mwenyewe hakuyatupa kamwe. Aliyatia mfukoni ili akayapange juu ya kipasha joto chake, na kwa hiyo koti lake lilinuka vitu viwili, chungwa na tapentaini.

Kiswahili chake kilikuwa na vyumba vingi. Akiongea nasi Watanzania alikuwa na shikamoo na marahaba zake zote. Akigeukia Wakongo, vitenzi vyake viliota mkia na Kifaransa kikaingia. Kwa Wakenya alichomeka Kiingereza. Wakongo walisema ni Mtanzania. Sisi tulisema ni Mrundi. Warundi walisema Kirundi chake ni cha kujifunza ukubwani. Mahali pengine angesifiwa kwa ndimi nyingi. Lakini wengi wetu tulitoka mahali ambapo mtu wa kila lugha alikuwa mara nyingi mtu wa serikali, kwa hiyo tulimmiminia chai na kupunguza sauti.

"Ule mzee, miye sina naye confiance, simuamini," alisema Papa Benoît, dereva wa basi mwenyeji wa Lubumbashi, siku moja tukivua viatu mlangoni mwa ukumbi. "Anasemaka na kila mutu kama ndugu yake. Sasa ndugu ya watu wote, yeye mwenyewe ni wa nani?"

Nilicheka, lakini swali nililibeba.

Ukumbi ninaousema uko Akalla, mwisho wa reli ya buluu ya treni za mjini, chumba cha chini cha jengo ambacho jumuiya yetu hukitumia Jumamosi. Waislamu na Wakristo hukaa humo pamoja, watu wa nchi tano, kwa sababu hakuna nchi moja kati yetu yenye watu wa kutosha kujaza viti. Anayeongoza ni mwanamke mmoja muuguzi kutoka Tanga tunayemwita Mama Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyempa Mchoraji saa mbili za kila Jumamosi afundishe watoto kuchora, na hapo ndipo nilipomwona mtu mwingine ndani ya mtu yule. Bustanini alibana maneno kama mwenye jino linalouma. Mbele ya watoto aliimba, alipiga magoti, alijipaka kijani puani.

Zoezi lake la kwanza lilikuwa kiti kitupu. "Chora kiti kwanza. Mtu atakuja mwenyewe." Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alichora kiti Jumamosi tatu mfululizo, na ya nne mtu akaja kweli: bibi yake, ambaye alimwona mara mbili tu maishani. Watoto wetu hutujibu kwa Kiswidi hata tukiwaita kula. Yeye walimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu hakutoa tyubu ya rangi mpaka mtoto aitaje: samawati, hudhurungi, ya udongo, ya kijivu. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila juma, kidole juu: "Kibao kibichi hakipitishwi mkono kwa mkono. Utamchafua mwenzako na picha utaiharibu."

Nyuso hakuzichora. Uso wa mtu kwake ulikuwa doa moja la brashi, la waridi au la kahawia, basi. "Sura inajua inatazamwa," aliniambia, "ndiyo maana inadanganya. Mgongo haujui. Mtu mtazame mgongo." Na kweli, mtu ulimjua. Mama Mwenyekiti alipoona kibao kimoja kilichokuwa kinakauka dirishani alipiga makofi: "Jamani, si dada yetu wa Rinkeby huyu! Tazameni alivyokaa, kama anamlindia mwenzake kiti." Watu walicheka. Lakini baada ya kicheko nilisikia mtu akisema polepole kwamba basi sote tunaweza kujulikana hivyo.

Sasa nieleze dalili, kwa mpangilio niliokuwa nao kichwani wakati ule.

Ya kwanza: Mswidi akimkaribia, kisanduku kilibaki wazi, hata akamwonyesha. Mmoja wetu akimkaribia, alikifunga. Ya pili: nilipoketi kula alichukua brashi, na mara nyingi nilipoondoka na kugeuka nyuma nilimwona ameiweka chini. Nilipohamia benchi lenye jua zaidi, naye baada ya siku mbili alihamia la jirani. Ya tatu: upande wa chini wa kilima kile kuna majengo ya polisi. Hilo si kosa la mtu. Bustani iko ilipo. Lakini nililiandika kichwani pamoja na mengine. Ya nne, kila alipomaliza alikigeuza kibao na kuandika nyuma yake kwa penseli, mistari minne au mitano, akikitazama kilima.

Mtu anayechora ana sababu ya kuchora. Anayeandika habari za watu wasiojua kwamba wanaandikwa, yeye anaandika kwa ajili ya nani? Hilo ndilo swali nililokulia nalo, na wengi ukumbini walikulia nalo.

Siku moja ya mwezi wa pili alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mbele ya benchi langu na kunipa kibao kilichokwisha kukauka.

"Chukua. Ukifika nyumbani ukitazame vizuri."

"Asante sana, mzee. Nimefanya nini cha kustahili?"

"Hilo ndilo nami najiuliza," alisema, akarudi kwenye benchi lake.

Nyumbani nilikitazama. Theluji iliyokanyagwa, wanawake watatu na vigari, mmoja wao na mtandio mwekundu. Pembeni kabisa palikuwa na Mswidi mzee, kofia hadi masikioni, ameinama juu ya mkate wake. Nyuma, kwa penseli: *Jumatano. Saa sita na robo. Theluji chafu. Mwanga wa kushoto, wa chini. Wanawake watatu. Yupo.*

Mwenye mtandio mwekundu nilimjua. Ni Mama Nadine, Mrundi, aliyepanga chumba kitongoji cha Jordbro na kulea mtoto wa familia moja karibu na bustani ile. Ombi lake la kubaki nchini lilikuwa limekataliwa mara mbili, naye akabaki. Ukumbini tulilijua hilo kama watu wanavyolijua shimo la njiani: unalizunguka bila kulitaja. Alikuwa mcheshi, sauti yake ilifika kabla yake. Mimi aliniita "Fundi Sabuni".

Majuma mawili baada ya kibao kile, polisi walikuja Jordbro asubuhi wakamchukua. Kabla ya theluji kuyeyuka alikuwa Bujumbura.

Jumamosi iliyofuata kukamatwa kwake ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyegusa maandazi. Swali lilikuwa moja na kila mtu alilisema kwa namna yake: nani alisema? Mchoraji alikuwa nyuma, anapanga karatasi za watoto.

Nilisimama. Nilijiambia kwamba simshutumu mtu, nasoma tu kilichoandikwa. Nilikitoa kibao, nikausoma mgongo wake kwa sauti, mara mbili, kama ninavyosoma namba ya mashine kwenye simu. Neno la mwisho nililisoma nikimtazama Mchoraji. Kisha kibao kikapita mkono kwa mkono, mgongo juu, na kila mtu akasoma mwenyewe.

"Yupo nani?" Mama Mwenyekiti alimuuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya kuomba. "Mzee wetu, tuambie. Uliandika yupo nani?"

Alimtazama Mama Mwenyekiti. Akanitazama mimi, kwa muda ambao bado naukumbuka. Akafunga kisanduku.

"Mgongo umeusoma vizuri," aliniambia.

"Munaona!" Papa Benoît alisimama. "Anatuchezea! Mutu alipotea, yeye anatuchezea!"

Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Waliokaa karibu naye walisogeza viti tu, huyu kidogo, yule kidogo, mpaka akabaki katikati ya sakafu tupu, mtu mmoja na karatasi nyeupe za watoto. Alizipanga zikalingana kingo, akaziweka mezani, akavaa viatu vyake mlangoni bila haraka. Darasa la kuchora lilikufa siku hiyo. Binti yangu alinijibu kwa Kiswidi njia nzima ya kurudi nyumbani, na baada ya hapo hakuna mtu mwingine aliyemfanya aseme "hudhurungi".

Mimi siwezi kuacha hitilafu bila kuijua, hata ninapodhani nimeshaijua. Mwaka ule nilikwenda maktaba nikaazima vitabu vya uchoraji wa mafuta, vyote vilivyokuwepo, vya Kiswidi. Nilijinunulia tyubu ndogo sita na brashi tatu, nikaanza kuchora ukingo wa baraza yetu na baiskeli ya jirani. Nilichora vibaya, lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba kibao hakimaliziki kwa kikao kimoja. Ukirudi kesho saa nyingine, kivuli kimehama na picha yako imekuwa uongo. Kwa hiyo mchoraji wa nje huandika nyuma: siku, saa, hewa, mwanga umetoka wapi, kulikuwa na nini. Vitabu viwili vilisema hivyo waziwazi. Kabla sijafika navyo mwisho, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuandika nyuma ya vibao vyangu.

Nikafanya kama ninavyofanya na mashine: ukikagua umeme ukakuta mzima, unaufuta kwenye orodha, maji yanaingia, unayafuta. Siku, nikaifuta. Saa, nikaifuta. Theluji, mwanga, wanawake watatu, nikafuta. Likabaki neno moja, *yupo*, ambalo hakuna kitabu kilichoweza kunieleza.

Wakati wa kiangazi Mama Nadine alimpigia mke wangu simu kutoka Bujumbura. Nilimwomba simu nikamuuliza, bila kuzunguka, kama waliomchukua walisema lolote kuhusu bustani.

"Bustani gani, Fundi Sabuni?" Alikuwa anacheka, au anajaribu. "Walikuja mlangoni na barua, jina langu, na anwani ya Jordbro. Bustani hawakuitaja. Nani aliniandika, sijui, na sitaki kujua. Ukijua utafanya nini?"

Nilipaswa kulipeleka hilo ukumbini Jumamosi ile ile. Sikulipeleka. Nilijiambia kwamba neno moja bado limebaki, na fundi hafungi mashine kabla ya kumaliza. Huo ulikuwa uvivu uliovaa nguo za uangalifu. Bustanini hakuonekana tena. Benchi la tatu walikaa wengine.

Ikapita miaka miwili. Nikapewa pia majengo ya Akalla, na majira ya baridi yaliyopita niliitwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo moja nisilolizoea. Mlangoni wakazi walikuwa wamebandika karatasi, kama wanavyofanya Waswidi wanapokasirika bila kutaka kuonana: *Wewe uliyeichafua mashine namba tatu: TUNAJUA NI WEWE.* Nilifungua mlango wa mashine namba tatu nikamulika ndani. Kwenye mdomo wa ngoma inayozungusha nguo na kwenye mpira wake palikuwa na utando wa samawati, ule wa vivuli vya theluji. Niliunusa. Tapentaini.

Nilitoa chujio lililoziba, nikakaa kwenye ndoo yangu nikaandika. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amekonda, ameshika kikapu cha vitambaa vya kufutia brashi. Hakunitazama usoni. Alitazama daftari.

"Bado unaandika," alisema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamwandikia nani?"

Sikuelewa, kwa hiyo nilimpa daftari. Aliweka kikapu chini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akitafsiri: "Mashine namba tatu. Haimwagi maji. Chujio limeziba, nyuzi na soksi ya mtoto." Akafunua nyuma. "Mashine namba moja, mkanda umelegea. Mashine namba mbili, mlango haushiki." Akafunua tena, kurasa nyingi kwa pamoja. "Yote ni haya?"

"Yote."

"Na yale ya bustanini? Miaka yote ile?"

"Yale yale, mzee. Mashine za asubuhi."

Alikaa kwenye meza ya kukunjia nguo. Alicheka, na haikuwa furaha; alicheka mpaka akashika kifua, na ilipoisha alijifuta macho kwa kitambaa chenye rangi akabaki na mstari wa samawati shavuni.

"Njoo juu," alisema.

Chumba chake kilinuka maganda ya machungwa. Vibao vilikuwa vimepangwa ukutani kote, safu kwa safu juu ya rafu nyembamba zilizoandikwa mwaka, vyote vimegeuzwa: migongo ndiyo iliyokuwa inatazama chumba. Nilisoma bila kuombwa, ni tabia yangu. *Jumatatu. Saa sita na nusu. Mawingu. Wazee na mipira. Hayupo. Alhamisi. Saa sita na robo. Jua. Mbwa. Yupo.* Yupo, yupo, hayupo, yupo. Vibao ambavyo Mama Nadine hakuweza kuwemo, vya miaka kabla hajafika Sweden.

"Mzee," nilisema, "huyu aliyepo ni nani?"

"Vigeuze."

Niligeuza cha kwanza. Wastaafu, changarawe, mabenchi matupu. Hicho kilikuwa cha *hayupo*. Niligeuza cha pili. Mbwa, kamba, na pembeni kabisa mtu kwenye benchi, ameinama, kofia masikioni, na pajani mwake doa moja jeupe. Cha tatu, cha nne. Niligeuza vyote vya *yupo*, ishirini na vitatu, nikavipanga sakafuni. Katika kila kimoja alikuwepo, mabega yamepanda, kichwa kimezama. Mgongo wangu sijawahi kuuona, lakini mke wangu huniambia kila siku, ninyooke, nakaa kama ninayesikiliza ukuta. Yule hakuwa Mswidi mzee. Na kile kitu cheupe hakikuwa mkate.

"Nilidhani ni wewe," alisema nyuma yangu. "Mtu wa kwetu, anakaa karibu na kina mama, kila siku saa ile ile, anaandika. Nikasema, huyu si bure. Nikawa naandika siku aliyopo na siku asiyokuwepo. Mmoja wenu akinikaribia nikakifunga kisanduku, maana nani kati yenu asingekutambua na kukuambia? Nikakupa kibao kimoja ujione, ujue kwamba kuna mtu amekuona, uache. Ukanisomea mgongo wake mbele ya watu. Hapo nikakosa hata kujua wewe ni mwerevu kiasi gani, kunitupia mimi kosa lako."

"Kwa nini hukusema siku ile? Ungenigeuzia tu kile kibao."

"Ningegeuza, wangekuamini wewe au mimi? Siku ile walitaka mtu mmoja, na yeyote angetosha. Wewe ulikuwa na mtoto pale ndani, mkono wake bado una rangi." Alisogeza chungwa mezani, halikuwa na haja ya kusogezwa. "Halafu sikuwa na hakika. Nilikuwa na vibao ishirini na vitatu na bado sikuwa na hakika. Wewe ulikuwa na kimoja."

Nilianza kumwomba radhi. Aliinua mkono.

"Si hapa. Hapa ni kwangu, nani atakusikia? Yale uliyasemea wapi?"

"Ukumbini."

"Basi unapajua."

"Ukija, mzee, nitasema ukiwepo."

"Nitaangalia hewa."

Jumamosi ile nilisimama pale pale niliposimama miaka miwili nyuma. Kibao nilikiweka mezani, uso juu, nikamwomba Mama Mwenyekiti akipitishe hivyo hivyo. Niliwaeleza saa na mwanga na desturi ya wachoraji. Niliwaeleza simu ya Bujumbura, na kwamba nilikuwa nimeikalia. Kibao kikazunguka.

"Mama Nadine huyu, mtandio wake," alisema Mama Mwenyekiti. "Na huyu Mswidi?"

"Si Mswidi. Ni mimi. Ndiye *yupo*." Nilifungua daftari la mwaka ule nikawasomea siku ile: namba ya mashine, hitilafu, saa. Nikasema kwamba mzee wa watu alikuwa ananishuku mimi, akaficha dhana yake nyumbani kwake, na mimi yangu nikaileta hapa.

Nilitarajia maneno. Papa Benoît alikishika kibao karibu na macho, akakitazama, akanitazama.

"Sasa miye niulize," alisema polepole. "Wewe ulikuwa pale kila siku. Mama Nadine alikuwa pale. Na ni wewe ulikuwa unaandikaka."

"Mashine, Papa Benoît. Soma mwenyewe."

"Nitasoma. Kiswidi ya mashine sijui sana, lakini nitasoma." Akaweka daftari langu mezani bila kulifungua. "Na polisi hawasemake ni nani aliwaambia."

Niliketi. Nilisikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu upande wa kulia, kidogo, kwa adabu. Kisha upande wa kushoto. Sikuinua kichwa, sauti ile niliijua. Nani alimsema Mama Nadine sijui mpaka leo, na pengine hakuna aliyemsema. Nilijua tu kwamba sakafu inayonizunguka inazidi kuwa pana.

Mlango ulifunguliwa na baridi ikaingia. Alivua viatu, magazeti yakabaki ndani yake. Alipita katikati ya watu na koti lake la machungwa, bila kumsalimu mtu, akavuta kiti mpaka ubavuni mwangu, akaketi, akakiweka kisanduku mapajani na kukifungua.

"Usidhani nimekusamehe," alisema, anatafuta brashi. "Hapa ndipo penye mwanga."